Gurudumu la Treni Kwenye Taka

Leo mama mkwe amenikuta nimepiga magoti kwenye taka za uani, kibano mdomoni.

Hata shikamoo imetoka kwa shida.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu: vitreni vidogo. Injini nzima inalala juu ya kidole, gurudumu lake ni kama punje ya mtama. Asubuhi gurudumu moja lilichomoka likaanguka sakafuni, mke wangu akafagia. Simlaumu, nani angeliona?

"Unatafuta nini, baba?" Mama ndiyo kwanza anafika kutoka Mvumi, mzigo bado kichwani.

"Gurudumu, mama. La treni."

Akanitazama kuanzia magotini hadi kwenye kibano.

Nikajua leo binti yake anarudishwa kwao. Lakini siondoki hapa bila gurudumu! Nikaendelea kuchambua vumbi, chembe moja moja.

Mama akatua mzigo. "Hivyo utamaliza mwezi. Lete ungo."

Jamani. Alizoa taka zote, akapeta kama anapeta uwele. Makapi yakapeperuka, mchanga ukabaki, na kwenye mchanga kitu kikang'aa.

Nimelifunga mbele yake. Mara ya nne likakubali, treni ikazunguka meza.

Mama akaitazama mizunguko miwili. Kisha akafungua mzigo wake, akachukua punje moja ya mtama, akaiweka juu ya behewa.

"Isizunguke tupu. Huu ushushe Ihumwa."

Sasa nani ana boksi la kiberiti kilichoisha, la kujengea? Stesheni ya Ihumwa lazima isimame kabla mama hajamaliza chai.