Posa ya Mjukuu wa Farao

Mchumba wa mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kiwandani Nyakato, ila ukimsikiliza ungedhani kahamia hapo juzi tu akitokea ikulu ya Farao. Piramidi tulijenga sisi, hesabu tuliwafundisha sisi, Mzungu kaiba vyote. Sikumbishia sana. Shuleni tuliambiwa ziwa letu liligunduliwa na mgeni, utadhani babu zangu walikuwa wanavua sato kwenye ndoto. Mtu akisema Mwafrika ajitazame kwa macho yake mwenyewe, mimi naitikia. Kilichonikera ni kwamba katika Afrika yake kila mtu alikuwa mfalme. Nani alikuwa anachota maji, hakusema.

Siku ya posa akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga na mshenga wake, kajitupia joho la Kinaijeria. Mdogo wangu alikuwa anampenda, jamani. Kwetu siku hiyo mchumba hufunga mdomo, mshenga ndiye msemaji. Huyu mchumba wetu akaanza kwa kukataa kumwamkia baba. Eti shikamoo ni salamu ya watumwa, maana yake nashika miguu yako, na Mwafrika huru hashiki miguu ya mtu. Mshenga akatazama dari. Baba, mzee wa watu, kwa mazoea akaitika "Marahaba" salamu ambayo hakupewa, halafu akaagiza chakula.

Ugali ukatengwa, mdogo wangu akaleta maji ya kunawa. Kwa baba alipiga goti, kwa mshenga pia. Kwa mchumba aliinama tu, maana ni kijana mwenzake na bado hajamuoa. Jamaa akarudisha mikono yake nyuma.

"Malkia wa Kiafrika humpigia mumewe goti," akasema kwa upole kabisa, akionyesha sakafu kwa kidole.

Nilitaka kumrukia, mama akanibana mkono. Mdogo wangu alisimama na birika lake, machozi yanamlenga.

"Kumbe miguu ya baba yangu ni utumwa," akamwambia, "ila ya kwako ndiyo utamaduni."

Akatoka. Mle ndani hakuna aliyegusa ugali. Nilimfuata nikamkuta jikoni analia kwa kwikwi.

"Bado nampenda," akasema. "Waambie wawahi kivuko."