Siku Mtakatifu Agnesi Alipoota Ndevu

Mkasa huu ni afadhali mniulize mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wa Igogo, maana wao huongeza chumvi, na kwa kweli haihitajiki, aibu yenyewe inatosha.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uleule, mtu wa Tabora, ziwa silijui, nikapewa watoto wadogo wa misheni hapa Mwanza, wale wanaojiandaa kwa ubatizo. Asubuhi tulisoma sala na mchana tulitengeneza watakatifu. Tuliomba maboksi matupu kwenye duka la Mhindi, tukayakata, tukachora kwa mkaa, tukapaka rangi ya bizari na ya majani, tukabandika mapambo kwa uji mzito wa muhogo. Kila mtoto alikuwa na mtakatifu wake, yule ambaye angepewa jina lake siku ya ubatizo. Watoto walifurahi sana. Mimi sikuwa na raha (nilikuwa nawaza kama pua ya Mtakatifu Yosefu si ndefu mno).

Kati yao alikuwemo Kabula, mtoto mdogo aliyefiwa na mama, analelewa na bibi yake ambaye hakuwa Mkristo. Bibi alikubali mtoto asome, lakini jina jipya alikuwa bado hajalikubali, kwa sababu kwao mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, mtu anayejulikana alikuwa nani na aliishi vipi, na sisi tunamletea jina la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

"Nimwone kwanza huyo mwenye jina," alimwambia Petro, katekista wetu. "Nikimpenda, mbatizeni. Nisipompenda, mtoto anarudi nyumbani, na masomo basi."

Petro akanijia. "Mwalimu, picha ya mtoto huyu itengeneze vizuri."

Kumwambia mtu kama mimi maneno hayo ni kumtafutia ugonjwa. Nilimchora Mtakatifu Agnesi mkubwa karibu sawa na mlango, uso mpole, miguuni kondoo niliyembandika pamba halisi (pamba huku haikosekani), na kichwani ile duara ya utakatifu ya rangi ya bizari. Alipendeza. Hata Padre alisimama kumtazama. Hapo ndipo ningepaswa kuacha.

Lakini asubuhi ya siku ya kuwaonyesha wazazi nikaanza kuwaza, bibi ni mzee, macho yake yataiona duara kweli, mbona bizari ikikauka inafifia, nikaipaka asali. Kidogo tu. Ikang'aa, lakini sasa uso ukaonekana mkavu, nikaupaka na uso, halafu kondoo akawa kama amesahauliwa, nikampaka na yeye, na nilipomaliza Agnesi alikuwa anameremeta kama amekuja mwenyewe.

Tukatoka shuleni kwa maandamano, tukipita kando ya ziwa kwenda kanisani ambako wazazi walikuwa wakingoja, watoto wanaimba, kila mmoja na mtakatifu wake, na mimi mbele na Agnesi kwa sababu Kabula asingemweza. Nikaona moshi juu ya maji, nikadhani ni meli inaingia.

"Mwalimu, tukimbie," Petro alisema.

"Tutakimbiaje na watakatifu?" nikamjibu (kwa madaha, nakumbuka vizuri).

Haukuwa moshi. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa makundi, ambao kila mtu wa hapa anawajua isipokuwa mimi, wakatuingia puani, masikioni, kinywani, watoto wakaacha kuimba wakawa wanatema mate, na walipopita, watakatifu wote walikuwa salama ila mmoja. Wa kwangu alikuwa mweusi. Duara nyeusi, kondoo mweusi, na kidevuni ndevu nene zinazocheza.

"Mwalimu," mtoto mmoja akasema, "amekuwa Mtakatifu Yosefu."

Muuza samaki aliyekuwa kando ya njia akaongeza, "Mkaange huyo, ni kitoweo cha wiki nzima" (huku wadudu hao hukaangwa wakaliwa).

Mtu mwenye akili angemfunika Agnesi kwa shuka. Mimi nilimfuta kwa mkono wa kanzu yangu, mkaa ukachanganyika na asali, mdomo ukaondoka, jicho moja likaondoka, na tukafika kanisani hivyo, kanzu nayo imejaa wadudu hadi begani, mbele ya wazazi wote. Bibi yake Kabula akaja moja kwa moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Siye," nikasema. Watu wakacheka. "Yaani ndiye, ila hakuwa hivi."

Nilidhani ataondoka na mtoto papo hapo. Kabula alikuwa amemshika nguo, anatutazama kwa zamu. Bibi akaitazama picha, akanitazama mimi, nadhani akanihurumia, akasema, "Basi niambie kwa mdomo. Aliishi vipi?"

Nikamsimulia. Msichana mdogo, wakubwa walimtaka aolewe, akakataa, wakamtisha, akakataa. Bibi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Halafu?"

Hapo nikawaza mambo mengi mno, lakini nikasema kweli. "Wakamuua."

"Akiwa mtoto?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akamgeukia Kabula. "Mama yake huyu nimemzika akiwa kijana. Jina hilo silitaki." Akamshika Kabula mkono. Alikwenda kidogo, akasimama. "Huko kwenu hakuna hata mmoja aliyezeeka?"

"Yupo Anna," nikasema haraka. "Alizeeka. Ni bibi yake Yesu."

"Bibi kabisa?"

"Bibi kabisa."

"Sasa si ndiye huyo," akasema, kama vile tulikuwa tumemficha makusudi.

"Mimi nilitaka yule mwenye kondoo," Kabula akalalamika.

"Kondoo tunao nyumbani."

Jumapili akabatizwa Anna. Kanzu yangu haikutakata tena. Tangu siku hiyo nimeapa sichori mtakatifu wa mtoto yeyote kabla sijamuuliza anayemlea angependa mtu wa namna gani, na akishanijibu naanza kuchora palepale mbele yake, nisije nikapata nafasi ya kufikiri.