Siku Nilipotia Mursik Kwenye Sabuni ya Kikundi

Wacha niwaambie hii aibu mimi mwenyewe, maana huku Kabianga bado kuna akina mama wakiniona na kipande cha sabuni wanageuka upande kucheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa juzijuzi tu, na kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinatengeneza sabuni chini ya mwenyekiti wetu, Mama Chebet. Jameni, yule mama! Shule aliachia darasa la nne, lakini kichwa chake, wacha tu. Wengine wote walikoroga kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, kwa maji, basi. Yeye akajiuliza, kwani lazima iwe maji? Akajaribu chai iliyochemka mpaka ikawa nyeusi kabisa, ikatoa sabuni ya kahawia inayong'aa, akajaribu maji ya tangaratwet (ule mmea mchungu ambao wengine wanaita shubiri), akajaribu hata maji yaliyochemshiwa viazi, na zote zikakubali. Alikuwa anakorogea kwenye ndoo ya plastiki (sufuria hapana, kostiki inakula sufuria ukiangalia), bila haraka, na alijua mchanganyiko umeiva kwa kuangalia tu vile mwiko unaacha alama. Nilimpenda mpaka nikaanza kufunga kitambaa kichwani kama yeye, haki ya Mungu.

Sasa, tukaambiwa afisa wa maendeleo ya jamii atakuja kuchagua kikundi kimoja cha kupewa meza kwenye maonyesho ya Kericho. Mama Chebet alikuwa ameomba hiyo meza miaka mitatu. Akatuambia kila mtu atengeneze sabuni yake mapema, ikauke mwezi mzima, na akasisitiza, "Tumieni chai. Chai tunaijua."

Mimi nikasema moyoni, chai ni yake, mimi nataka ashike sabuni yangu aulize, "Rael, hii umetoa wapi?" Ndipo macho yangu yakaanguka kwenye kibuyu cha mursik. Nyinyi mnajua mursik kwetu ni kitu cha heshima, maziwa ya kulaza kwenye kibuyu kilichopakwa makaa ndani, ya kupokea wageni, si ya kuchezea. Nikangoja mzee wangu apeleke majani ya chai kwa kituo cha kuuzia, nikamimina yote kwenye ndoo, na kwa sababu ya uroho nikapitisha ule ufagio mdogo wa kibuyu nikakwangua mpaka makaa ya chini.

Kostiki ilipoingia, mama yangu! Ilifura, ikawa manjano, ikawa rangi ya machungwa, ikakatika mabongemabonge, na harufu ikanitoa machozi. Mama Chebet alikuwa hapo tu ng'ambo ya ua, ningeita mara moja angekuja. Sikuita. Nikakoroga tu nikimwaga mafuta, nikimwomba Mungu, na baada ya mwezi harufu ilikuwa imepungua na sabuni imekuwa ya kijivu na madoadoa meusi, nikaiona nzuri ajabu.

Siku ikafika. Afisa akaja na pikipiki, shati jeupe limepigwa pasi, vumbi limejaa usoni. Tukampangia sabuni kando ya karai la maji. Akapitisha macho, akachukua yangu.

"Hii yenye madoadoa ni ya nini?"

Mdomo wangu huu! "Hiyo ni ya uso, bwana afisa. Inalainisha."

Basi mtu akajisugua uso vizuri, masikio, shingo, akasuuza, na yale makaa yakashikana na mafuta yakabaki palepale, akajipangusa na taulo jeupe la Mama Chebet, taulo likawa kama la fundi wa magari, na yeye hakuliangalia. Akasimama akaanza kutuhutubia. Na alihutubia juu ya nini? Usafi! "Usafi, akina mama, unaanzia kwa mtu mwenyewe," na hapo ana ndevu za makaa mpaka kwa macho. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa naomba ardhi ipasuke.

Mama Chebet akasogea polepole. Akachukua ile sabuni, akainusa, akaniangalia mara moja tu. Halafu akainama kwa karai akajisugua uso wake, mbele ya watu wote, akainuka mweusi kumshinda afisa.

"Bwana afisa," akasema, "tazama uso wangu, ndivyo na wako ulivyo. Hii sabuni imeharibika, na mimi ndiye mwalimu, kosa ni langu. Sasa tujioshe na ile ya chai, uone."

Afisa akagusa shavu, akaona kidole cheusi. Halafu akacheka mpaka akashika magoti. Sabuni ya chai ikatoa kila kitu, uso ukarudi, na meza tukapewa, ati hajawahi kuona sabuni ikijaribiwa namna hiyo.

Wengine wakaimba. Lakini aibu yangu yenyewe si ule uso wa afisa. Ni kwamba mwenyekiti wetu alisema "kosa ni langu" na mimi nikanyamaza, nikapiga makofi na wengine. Wiki nzima sikulala vizuri. Mkutano uliofuata nikasimama nikasema, "Ni mimi. Nilitia mursik, nikaona inaharibika kwenye ndoo, na sikuita mtu."

Halafu mwekahazina wetu akasema, "Rael, kaa chini. Tulijua siku ileile, ilinuka mursik kutoka mlangoni. Mama Chebet ndiye alituambia tusikuulize, ati utasema mwenyewe."

Nikamwangalia Mama Chebet. Alikuwa anakata sabuni kwa uzi, hakuinua hata kichwa. "Niliwaambia utachukua wiki mbili," akasema, "umechukua moja."

Nililia hapo kama mtoto. Na tangu hiyo siku, kitu kikianza kuharibika mikononi mwangu, ndoo ikifura ama neno likitoka vibaya, mimi naita watu saa hiyohiyo, hata kama wanakula.