Mamangu na daktari, swali na salamu

Leo nimempigia mamangu kelele mbele ya daktari. Nilaumuni, lakini nisomeni kwanza.

Asubuhi ndara ilimtoka mguuni njiani. Akaendelea kutembea, hana habari! Mimi ndiye niliyeiokota.

Nikasema leo ni leo, zahanati tutafika.

Daktari mwenyewe binti mdogo, ana adabu zake.

"Shikamoo mama. Miguu waionaje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Haifi ganzi?"

"Alhamdulillahi."

"Usiku walala vizuri?"

"Twamshukuru Mungu."

Jamani! Mtu huyu hulala miguu nje ya shuka kwa vile yamuwaka moto!

Nikashindwa kujizuia. "Mama, hizo si salamu! Waulizwa ugonjwa!"

Mama akanitazama jicho lile mnalolijua. Kisha akasema polepole, "Mwezi wa tatu sasa. Nikikanyaga chini, ni kama nakanyaga pamba."

Akapimwa. Sukari iko juu, na dawa ameanza leo leo.

Mimi kichwa kimenivimba kwa ushindi. Nanyanyuka tuondoke, daktari akaniuliza, "Na wewe dada, wajionaje?"

"Salama tu."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Mimi, ambaye wiki ya nne hii silali, najifungia bafuni nilie watoto wasinione.

Mama akanishika mkono, akanirudisha kitini.

"Hiyo si salamu, mwanangu."

Nikaeleza yote. Jumanne narudi, na nitakwenda.

Haya, nanyi mwaulizwa: mwajionaje? Atakayeniandikia "salama tu" namfuata kwake.