Siku tuliyofungia simu ya mezani kabatini, Skuta, Nyeri

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yalitokea sebuleni kwetu mwishoni mwa miaka ya tisini, na nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Sitaongeza chumvi, maana haihitaji.

Wakati huo simu ilikuwa ile nyeusi ya kuzungusha namba. Yetu ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, na baba, mwalimu mstaafu, alikuwa ameitia kakufuli kwenye tundu la namba. Kupiga ng'ambo ilikuwa kitu cha matanga na harusi tu.

Dada yangu Wangui alikuwa anasoma Amerika, na aliolewa hukohuko na mtu ambaye si wa kwetu. Mtoto wa kwanza, msichana, akapewa jina la mama mkwe. Hapo hakuna shida, ndiyo desturi.

Sasa amezaa msichana wa pili. Kwetu huyo huitwa jina la mama mzazi wa mke, yaani mama yangu, Nyawira. Lakini barua ilikuja na picha, bila jina.

Mama hakuuliza. Mtu haombi mtoto apewe jina lake. Alizoea tu kuitazama ile picha akisema watu wa nje wana njia zao.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika college moja mjini. Nikasoma kwamba unaweza kuongea kupitia internet, mashine kwa mashine. Wakuu, sikulala vizuri wiki nzima. Nilikusanya kompyuta, modem, spika na mike, nikavileta nyumbani. Nikaandikiana na Wangui kwa email: Jumapili, baada ya kanisa, kwake ikiwa asubuhi.

Nilimwambia baba simu ya mezani sasa imestaafu kama yeye. Akaniuliza, "Ati hiyo TV yako itaongea na Amerika, na simu yenyewe inashindwa kushika Othaya hapa jirani mvua ikinyesha?"

Jumapili ikafika. Modem ikaanza kupiga mayowe yake. Mama, aliyekuwa amevaa kitambaa cha kanisani bado, akaona ni simu inahangaika. Akanyanyua mkono wa simu akasema, "Haro?"

Laini ikakatika.

Ilibidi nieleze kwamba kompyuta inapitia waya uleule, na ukigusa simu unaikata. Baba akacheka mpaka akatoa miwani. Kumbe iliyostaafu ndiyo inalisha nyumba. Lakini akaibeba ile simu nyeusi, kufuli na yote, akaifungia kabatini pamoja na sahani za wageni.

Tukaunganisha tena. Na wakuu, sauti ya Wangui ikatoka kwenye spika! Inakwaruza kidogo, inachelewa kidogo, lakini ni yeye. Nilisimama nikakaa tena. Ndiyo siku niliyojua kazi nitakayofanya maisha yangu yote.

Hapo ndipo tatizo halisi likaanza.

Mashine ile ilibeba sauti ya mtu mmoja kwa wakati. Ukitoa sauti yoyote huku, ya kule inazimika. Na mama yangu alilelewa kwamba mtu akikuongelesha unaitikia. Ukinyamaza ni dharau.

Kwa hivyo Wangui anaanza, "Mama, mtoto tumemwita..."

Mama anaitikia, "Ĩĩ."

Kimya.

Wangui anarudia. Mama, kwa heshima zote, "Ĩĩ, ĩĩ." Kimya tena.

Mara nne. Mara nne lile jina lilimezwa palepale. Nikamwambia mama asiitikie. Akajaribu, akaziba mdomo kwa kiganja, na bado ile "ĩĩ" ikapenya puani. Nilianza kumwona akilengwa na machozi. Alidhani Wangui ananyamaza kwa sababu jina si lile.

Laini zetu hazikuwa za kuaminika, na nilijua tunaweza kukatwa wakati wowote.

Ni baba aliyetuokoa. Akavuta kiti, akasema, "Mama Wangui, fanya kama fellowship yenu ya Jumatano. Mtu akitoa ushuhuda, nani humwingilia? Unangoja aseme Bwana asifiwe. Ndiyo unajibu Amen, unatoa wako."

Akainamia mike akampa Wangui maagizo hayohayo, akamaliza, "Bwana asifiwe."

Sekunde mbili. Kisha kutoka Amerika, kwa kicheko, "Amen."

Mama akakaa wima kama yuko kanisani, mikono mapajani. Wangui akaongea taratibu.

"Mama, mtoto anaitwa Nyawira. Baba yake ndiye alisema ni lazima, hata kabla yangu. Bwana asifiwe."

Ilikuwa zamu ya mama. Laini ilikuwa wazi, inamngoja yeye peke yake, na mwanamke ambaye hakuweza kunyamaza tangu tuanze hakuwa na sauti hata moja.

Wangui akauliza kama tumepotea.

Baba akainama. "Amen," akasema. "Amesikia."

Somo nililobeba, wakuu, ni hili: mashine ilinichukua wiki moja kuifunga. Kuongea ndani yake tulifundishwa na kitu ambacho mama alikijua tayari kutoka Jumatano zake za maombi. Siku hizi nikimfungia mteja mtambo wowote, kwanza namuuliza kwao huwa wanaitikiaje.

Nyinyi wa enzi hizo, kwenu mlitumia neno gani kupeana zamu? Nipo, naitikia kila mmoja.