Jivu na Ndimu kwenye Uso wa Malaika

Nikisema kazi yangu ni vioo, watu hapohapo wananiuliza bei ya madirisha ya alumini. Nawajibu, ila nakereka. Mie natengeneza madirisha ya vioo vya rangi: vipande vidogo vidogo, kila kimoja kimekatwa kwa umbo lake, vikashikanishwa kwa mikanda ya risasi, yale madini laini yanayopindika kwa mkono. Karakana yangu iko Mikocheni, nyuma ya gereji ya kunyoosha bodi za magari. Wateja wengi ni wenye nyumba mpya za Mbweni, wanataka ua jekundu juu ya mlango wa sebule. Hao ndio wanaonilisha. Lakini kazi ninayoipenda ni madirisha ya zamani, nayo huja mara moja moja.

Mwaka juzi kanisa moja la zamani la mjini liliniletea dirisha lenye malaika. Risasi ilikuwa imechoka, vioo vimebonyea katikati kama godoro la miaka mingi. Aliyekuja kukabidhi alikuwa mzee wa kanisa, bibi mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa Dar akiwa bibi harusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yako kwenye mtandio wangu.

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, bibi. Wa Temeke."

"Haya. Malaika ni wenu pia. Usimwangushe."

Kazi hii ina masharti. Kabla hujafungua kitu unalaza karatasi juu ya dirisha, unachora mstari wa kila kipande na kukipa namba. Kusafisha ni kwa maji na pamba basi, tena unajaribu pembeni kwanza. Macho, nywele na mikunjo ya nguo vimechorwa juu ya kioo. Rangi iliyochomwa kwenye tanuri haitoki, lakini huwezi kujua ipi imechomwa mpaka ujaribu. Haya yote nayajua. Nawafundisha wengine.

Vipande vyote vilitakata kwa maji, isipokuwa uso. Masizi ya mishumaa yalikuwa yameganda. Ilikuwa Jumamosi, nina harusi ya binamu yangu Temeke, sare imeshashonwa, na simu zinaita uko wapi, uko wapi. Nikafanya ya nyumbani. Mama yangu kioo cha taa ya chemli alikuwa anakisugua kwa jivu na ndimu, kinang'aa utadhani kimetoka dukani. Ndimu ninayo, jivu nikachota kwenye jiko la mama ntilie wa jirani. Nikasugua.

Masizi yakatoka. Halafu yakatoka macho. Pua, mdomo, vyote vikafuata kitambaa. Lahaula! Nikabaki nimeshika kioo kitupu, kisafi kweli kweli. Harusini sikwenda.

Baadaye nilielewa kwamba rangi ya kipande kile tu haikuwa imechomwa. Ilikuwa rangi ya kawaida, kuna mtu aliipaka miaka ya nyuma. Hilo halikunipunguzia kosa. Sharti nililijua na nililivunja kwa haraka zangu.

Mdogo wangu, tunayekata naye vioo, hakuona tatizo. "Si ulimpiga picha kabla? Chora, choma, rudisha. Nani atajua?"

Alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nikamfokea. Nikikiri, kanisa litachukua dirisha lake, habari itazunguka, na hakuna kanisa jingine litakalonikabidhi kitu cha zamani. Madirisha yale ndiyo yananifanya nijione fundi. Bila hayo nitabaki na maua ya sebuleni mpaka nizeeke.

Nilichora, sifichi. Nikakata kioo kipya, nikafuata picha ya simu, nikauchoma uso. Ukatoka mzuri kuliko ule wa kwanza, na hapo ndipo roho ilipoanza kunisuta hasa. Kula siwezi, kulala nalala kwa vipande. Siku ya nne nikampigia yule bibi aje.

Nikamwekea vioo viwili mezani, kitupu na kipya. "Bibi, nimeufuta uso wa malaika. Nilisugua kwa jivu na ndimu, na nilijua haifai. Huu mwingine nimechora mie."

Akavuta stuli, akakaa. Akachukua kile kitupu, akakiinua kwenye mwanga. Nikasubiri kugombezwa.

"Rangi yote imetoka?"

"Yote."

"Hata pembeni haikubaki?"

"Haikubaki, bibi. Nisamehe."

Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Uso huu aliuchora mume wangu," akasema. "Alikuwa fundi rangi, anapaka ukuta wa kanisa. Ngazi ikateleza, ikavunja uso wa kwanza, ule waliokuja nao Wazungu. Akatafuta kioo, akakikata, akauchora kwa rangi yake ya mafuta, akaurudisha kabla ya Jumapili. Hakumwambia mtu ila mimi. Amekufa hajasema."

Nilikuwa nimefuta kazi ya mkono wa marehemu mumewe.

"Kila ibada nakaa chini ya dirisha lile," akaendelea. "Wenzangu wanasali, mimi naomba asije mtu akaligusa. Kamati ilipoamua lije kwako nilinyamaza. Ningepinga kwa sababu gani?" Akakiweka kioo mezani taratibu. "Umekaa na jambo lako hili moyoni siku ngapi?"

"Nne, bibi."

"Nne. Sisi letu tumekaa nalo miaka arobaini."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nikamwambia naweza kuuondoa ule mpya, naweza kurudisha kitupu, naweza kulipeleka dirisha lote kwa fundi mwingine, lolote atakalosema. Akanyoosha mkono kuelekea simu yangu.

"Nipigie mchungaji sasa hivi, nimwambie yote nikiwa nimekaa hapa hapa. Nikifika nyumbani nitaogopa tena."