Maji Yaliyoshuka Kidole Kimoja

Siku ile tulikuwa watano: mwenye nyumba, mama yake mzazi, mestre aliyenifundisha ufundi, mdogo wangu wa kike aliyepitia pale akiwa na sare ya shule, na mimi. Tulisimama mlangoni mwa bafu jipya, pale mjini Palma, tukitazama maji.

Sakafu ile niliipaka mwenyewe rangi ya mpira ya kuzuia maji, mara mbili, na kwenye pembe nikalaza wavu. Ilipokauka niliziba tundu la kutolea maji, nikamwaga ndoo saba mpaka kwenye alama niliyochora ukutani kwa msumari. Maji yakikaa pale kutwa na kucha, vigae vinawekwa, nami naanza kupewa kazi za fundi. Yakishuka, narudi kubeba mchanga. Niliacha shule wazazi wetu walipofariki ili mdogo wangu asiiache, na kwa kubeba mchanga nisingemfikisha mbali.

Maji yalikuwa yameshuka kidole kimoja.

Mestre alikwenda chumba cha pili kuupapasa ukuta kama umelowa. Sikumngoja. Nilijua ni pembe ya kushoto, kwa sababu ndiyo niliyoipaka kwa haraka. Nikatia patasi majini, nikapasua rangi ya pembe ile.

"Ukuta mkavu," mestre akasema aliporudi. Kisha akaiona patasi. "Umefanya nini, mwanangu?"

Ndipo bibi, mama wa mwenye nyumba, akasema, "Mnayatafuta maji? Nimetawadhia mimi, tangu adhuhuri ya jana. Nilidhani mmenijengea birika, kama lile la msikitini kwetu Quionga. Ila maji yenu yananuka mpira."

Binti yake akajifunika uso kwa leso. Mestre, Mkristo wa kutoka bara, akacheka kidogo. "Swala tano ndani ya bafu langu, bibi. Thawabu nyingine niandikie mimi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevunja kitu kizima kwa kuamini kwamba nimekosea.

Nilipaka upya. Mestre alikuwa ameitwa kazini Afungi, na alitaka kuona jaribio la pili kabla hajaondoka, kwa hiyo maji yalitakiwa asubuhi na mapema. Mimi nilikuwa nachanganya zege la ngazi. Nikamtuma mdogo wangu kisimani.

"Kaka, leo nina mtihani wa hesabu."

"Utawahi," nikamwambia.

Foleni ilikuwa ndefu. Alileta ndoo saba, moja moja, na ya mwisho ilipofika jua lilikuwa juu sana.

Kesho yake maji yalikuwa palepale kwenye alama. Mestre alinipa mkono, akaniachia mwiko wake. Vigae vya bafu lile niliviweka mimi, na tangu hapo sijakosa kazi.

Mtihani haukurudiwa, mdogo wangu aliandikiwa sifuri. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimtuma. Sare namnunulia, madaftari namnunulia, lakini asubuhi ile bado sijamlipa.